Leta Sampuli

Gari letu ni steshen wagon kuukuu ambayo zamani ilikuwa ya bluu. Vijana wa mtaani kwetu Mtongwe huliita mkweche. Mimi huwakemea, nawaambia wakome, kisha nikishaingia ndani na kufunga mlango nalitukana kwa jina hilo hilo, na kwa mengine ambayo mama wa kwaya kama mimi hapaswi kuyajua.

Kuliuza nimewaza mara nyingi. Lakini mwaka juzi mume wangu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Kiti chake cha magurudumu hakikunjiki vizuri, na sijaona matatu itakayosubiri nimpandishe mtu mzima kwa kumbeba, kisha nirudie kiti. Mkweche wetu una mlango mpana na nafasi kubwa nyuma, kiti kinaingia bila kubishana. Kwa hiyo tumebaki nao.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole wa kliniki moja kule kisiwani, alitueleza tangu siku ya kwanza kwamba mkono na mguu hufundishika mapema. Mkiacha, alisema, vitazoea kulala. Akatupangia siku zetu za wiki na kutuomba tusikose, maana wagonjwa wanaongoja nafasi ni wengi. Na kweli miezi ya mwanzo tuliona faida. Mume wangu alisimama akishika ukuta. Akaweza kukamata kikombe kwa ule mkono, chai ikamwagika nusu, nami nikapangusa sakafu kwa furaha. Nilitaka asimame tena kwa miguu yake, basi. Hilo ndilo nililokuwa nalipigania, na kilichonizuia ni kipande cha chuma kinachoitwa stata.

Stata ndiyo inayoizungusha injini ukipiga ufunguo, mpaka ishike yenyewe. Ikifa, gari huwaka kwa kusukumwa. Nyumbani hilo halikunisumbua sana, kwa sababu tunaegesha kwenye mteremko: naachia breki, linateremka, naachia klachi, linashtuka na kuwaka. Kliniki nako kuna askari wa getini aliyekwisha kunizoea. Shida ni feri. Ukishapanda feri ya Likoni unaamriwa uzime injini, na ni haki yao, kwa jinsi magari yanavyobanana na watu wanavyojaa katikati. Ikifika ng'ambo unawasha na kutoka. Mbele yako kuna kilima, nyuma yako kuna malori yanayopiga honi, ubavuni kuna umati unaowahi kazini. Hapo ndipo stata zetu zilipozoea kufia.

Najua kuna barabara ya Dongo Kundu, kila mtu ameshaniambia. Inakutoa kwetu mpaka Miritini bila feri. Lakini kutoka Miritini kurudi kisiwani kwa foleni ya Changamwe ni asubuhi nzima, na injini yetu ikikaa kwenye foleni inachemka. Wanaonishauri kuhusu barabara hiyo wote wana magari mapya.

Siku moja feri ilifika upande wa kisiwani, nikapiga ufunguo, nikasikia mkwaruzo mbaya, kisha kimya. Nikapiga tena, mkwaruzo tena. Watu wa Mombasa hawangoji kuombwa. Walikuja vijana, akaja mzee wa kanzu, akaja mama mwenye ndoo ya samaki kichwani akasukuma kwa mkono mmoja. Wakatupandisha kilima chote. Mume wangu alikaa mbele, mkono wa kulia mapajani, macho barabarani. Mmoja akasema bila ubaya wowote, "Mwambieni mzee ashuke tupunguze uzito." Mwenzake akamjibu, "Hawezi huyo, huoni?" Na huyu ni mtu aliyekuwa dereva wa malori ya kontena, aliyepanda milima yote ya bara akitoka bandarini, mpaka mipakani na kurudi. Gari likawaka, nikawapungia mkono wale watu. Yeye akapandisha kioo cha upande wake.

Siku ya kliniki iliyofuata nilimvalisha, nikamsukuma mpaka mlangoni, akaukamata mwimo kwa mkono wa kushoto.

"Siendi," akasema.

Neno hilo alilitamka vizuri kuliko maneno yote aliyoyasema mwezi ule. Nikambembeleza. Nikamletea mchungaji. Nikampigia simu dada yake Kaloleni, akaja na maneno yake mengi na kuku wa kienyeji. Jibu lilikuwa lile lile: "Gari bovu. Siendi." Nikaelewa kwamba likiwaka lenyewe atakwenda, na lisipowaka hataondoka nyumbani. Kuanzia hapo stata ikawa kazi yangu, na cherehani yangu ikawa kazi ya pili.

Sasa, huku kwetu spea hainunuliwi kwa jina la gari. Ukienda dukani useme unataka stata ya gari la aina fulani, la mwaka fulani, muuzaji atakutazama kama umemtania. Atakuuliza neno moja tu, "Sampuli?" Maana yake kile kilichokufa kifunguliwe, ukibebe, ukilete. Atakipokea, atakigeuza, atakwenda nyuma kwenye marundo ya spea zilizokwisha kutumika ng'ambo, na atarudi na pacha wake. Matundu ya bolti yakilingana, umepata. Ndivyo wanavyofanya mafundi, ndivyo wanavyofanya wenye magari ya maana, na hakuna anayeuliza zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nikaifunga stata mfu kwa mabaki ya vitambaa, nikaitia kikapuni, nikaenda nayo Changamwe. Muuzaji alikuwa kijana wa bara mwenye maneno matamu.

"Karibu mathe. Sampuli uko nayo?"

Nikampa. Akaingia ndani, akatoka na nyingine, akaziweka mezani ubavu kwa ubavu. Zilifanana kabisa.

"Hii imetoka Japani juzi. Ukifunga hii utanisahau."

"Na ile iliyotangulia uliniambia hivyo hivyo."

"Ile labda ulinunua kwa mwenzangu."

"Nilinunua kwako," nikamwambia, "na ulikuwa umevaa shati hilo hilo."

Akacheka, akanipunguzia kidogo, nikaichukua. Ningefanya nini? Fundi wa Likoni akaifunga, nikapiga ufunguo, gari likawaka mara moja. Nikamsukuma mume wangu mpaka uani asikie. Nikazima, nikawasha, nikazima tena, nikawasha tena, kama muuza redio. Yeye akainamisha kichwa akasikiliza, kisha akakitikisa na kutazama pembeni. Nikadhani ni ukaidi wa ugonjwa. Nikakasirika, lakini nikamwambia kwa ile sauti laini niliyojifunza tangu augue, "Haya baba, utakwenda ukiwa tayari."

Kabla hajawa tayari, mkwaruzo ukarudi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mafundi wa mji huu wana elimu kubwa sana ya kulaumiana. Wa Likoni alisema betri ni dhaifu. Nikabadilisha betri. Mwingine akasema betri ni nzuri ila waya zimeoza kwa chumvi ya bahari. Tukabadilisha waya. Wa tatu akasema waya zilikuwa nzima, nani alinidanganya nizitoe, na kwamba muuzaji wa Changamwe aliniuzia kitu kilichokufa tayari. Jirani yangu, ambaye hana gari wala baiskeli, alisema gari lina kijicho cha watu na nilimwagie maji ya chumvi. Kila mmoja alizungumza akiwa na hakika. Na kila aliyeshika spana alimaliza kwa kusema, tafuta stata nyingine, leta sampuli.

Wakati huo wote mume wangu alikuwa kitini, na ule mkono ulianza kujikunja. Nilikuwa nikiunyoosha vidole kimoja kimoja asubuhi, kwa namna nilivyoonyeshwa, lakini mimi ni mshonaji, si mtaalamu wa viungo. Nikiuachia, vilirudi ndani taratibu. Binti wa kliniki akapiga simu, akasema kwa adabu kwamba nafasi yetu ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo itambidi ampe mwingine. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Sikuwa na huzuni siku hiyo. Ilikuwa hasira tupu.

Mteja wangu mmoja akanielekeza kwa fundi wa Magogoni, upande wa Kisauni. Nikalipeleka gari peke yangu, nikasukumwa na watu wa feri kama kawaida, nikafika nimelowa jasho. Fundi alikuwa mtu mzima, kofia ya kiua kichwani, anakula mhogo wa nazi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akamaliza mhogo wake bila haraka yoyote, kisha akaifungua stata na kuipangusa.

"Imekwisha hii, mama. Tafuta nyingine. Sampuli ndiyo hii, nenda nayo."

Nadhani nilikuwa nimelingojea neno hilo, maana nililipuka. Nikamwambia sampuli ninazo, hiyo aliyoshika, na pacha wake yuko kikapuni, na mwingine yuko nyumbani anazuia mlango usifungwe na upepo. Nikamwambia siendi dukani tena mpaka nione kwa macho yangu hicho chuma kinaingia wapi na kinakula nini humo ndani. Wenzake wakaacha kazi wakatazama. Yeye hakukasirika. Akatandika kadibodi chini, akaniambia, "Tafadhali, tazama."

Nikalala chini na gauni langu, nikamulika kwa simu. Palipofungwa stata pana tundu, na ndani ya tundu unaona gurudumu kubwa la injini, lenye meno kandokando kama bangili. Meno ya stata huingia kwenye meno hayo na kulizungusha. Fundi akaigeuza injini polepole kwa spana ili meno yapite mbele yangu. Yalikuwa yamelika, ndiyo, mahali pengine yamelika mpaka hayapo. Lakini yalilika upande wa mbele tu. Nusu ya nyuma ya kila jino ilikuwa nzima, ina makali yake, kama halijawahi kuguswa.

Nimeshona miaka mingi. Nguo ikichakaa kwapa moja na kwapa la pili likawa jipya, huna haja ya kuulaumu uzi. Uliokosewa ni mkato.

"Fundi," nikasema kutoka chini, "kwa nini yameliwa nusu?"

Akalala kando yangu, akamulika. Akatoka, akaiokota stata, akaipima shingo yake kwa vidole.

"Hii si ya gari hili," akasema. "Hii ni ya pikapu. Matundu sawasawa, lakini shingo fupi. Inauma ncha tu ya jino. Kila ukipiga ufunguo inajisaga na inasaga gurudumu. Wallahi mama, wote waliokufungia wametazama matundu. Na mimi pia nilitazama matundu."

"Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye gari."

"Nimekusikia. Aliyeifunga ya kwanza ni nani?"

Wateja wangu huniletea gauni la zamani, wanasema nishonee mfano wa hili. Sikati kitambaa hata siku moja kabla ya kumpima mwenyewe, kwa sababu gauni la zamani huenda lilimkaba miaka yote naye akavumilia. Hilo nalijua kuliko sala ya asubuhi. Na bado nilikuwa nimebeba kikapuni, kutoka duka hadi duka, gauni lililokosewa.

Jibu la swali lake nililijua kabla hajamaliza kuuliza. Aliyeifunga ya kwanza ni mume wangu. Miaka mingi nyuma, Jumapili moja baada ya ibada, alilala chini ya gari uani kwetu na stata aliyoitoa kwenye pikapu mbovu ya yadi ya tajiri wake, nami nikawa nampokeza spana. Alisema itatusaidia wiki mbili hivi, mpaka apate ya kwetu. Kisha akasafiri na lori, akarudi, akasafiri, na gari likawa linawaka, basi tukasahau. Tukaja kuinunulia pacha, na pacha wa pacha.

Fundi akanituma Bamburi, kwenye yadi moja karibu na machimbo ya zamani, ambako magari yaliyogongwa hukatwakatwa. Nikakuta gari kama letu hapo, aina ile ile, limebondwa nyuma mpaka kwenye viti, lakini boneti haina hata mkwaruzo. Mara hii sikuonyesha sampuli. Niliwaambia wafungue ya humo mbele yangu. Shingo yake ilikuwa ndefu. Jioni mapema fundi aliifunga, ikazungusha injini kwa sauti safi ambayo sikuwahi kuisikia katika gari lile. Kisha akaniharibia furaha.

"Stata sasa ni sawa. Lakini bangili ya meno imeshaliwa mahali pamoja. Injini ikisimama hapo, stata haitapata cha kushika. Dawa yake ni kuteremsha gia boksi na kuibadilisha, na hiyo ni kazi ya siku nyingine."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyotoka. Nilikuwa nimewakasirikia watu wa ng'ambo zote mbili za feri, kumbe aliyenichimbia shimo amekaa sebuleni kwangu ananywa uji. Nikaitua stata ya pikapu mbele yake juu ya meza ndogo, kwa kishindo, na ile sauti yangu laini ikaniishia hapo hapo.

"Hii ya pikapu uliiweka wewe. Miezi yote hii nazunguka, nasukumwa na watu nisiowajua, nimelala chini Magogoni na gauni, mkono wako unakauka, na kumbe ni wewe. Wiki mbili ulisema. Wiki mbili gani hizo?"

Akaitazama stata, akanitazama mimi. Uso wake ulijikaza upande unaokazika.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Siku ile nakuwashia uani, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

Akavuta pumzi. Maneno yalimtoka moja moja, mazito, na kila moja lilikuwa na hasira yake, hasira ambayo sikuisikia tangu augue.

"Umeuliza Changamwe. Umeuliza Likoni. Umeuliza jirani." Akajipiga kifua kwa mkono wa kushoto. "Mimi... dereva. Nani... ameniuliza mimi?"

Nikaketi. Uji wake ulikuwa umepoa na sikuinuka kuupasha. Tulikaa hivyo, tumenuniana kama watu wawili wazima, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa muda mrefu. Mwisho nikasema, na sikuilainisha sauti, "Haya, nakuuliza. Meno yamekwisha mahali pamoja. Tukikwama kwenye feri, tufanyeje?"

Akafikiri. "Gia... ya nne," akasema. "Zima ufunguo. Watikise gari. Mbele, nyuma. Gurudumu la injini... linasogea. Toa gia, halafu piga."

"Bila kusukumwa kilima?"

"Bila."

"Na siku ya kliniki utakwenda?"

Akauangalia mkono wake uliojikunja, akaupakata. "Nisipokwenda... nani atakuonyesha?" akasema.

Siku ya kliniki ilipofika tulishuka Likoni mapema. Feri ilivuka, mlango ukalala chini, magari ya mbele yakatoka. Nikapiga ufunguo. Stata ikazunguka kwa sauti yake safi, ikizungukia hewa, haikushika kitu. Nikapiga tena. Nikatia gia ya nne, nikazima ufunguo. Vijana watatu wakawa wameshafika nyuma, mikono juu ya mlango wa nyuma, tayari kutupandisha. Mume wangu akateremsha kioo cha upande wake kwa mkono wa kushoto, akatoa kichwa.

"Msisukume," akasema.

Mmoja wao akaja upande wangu, akainama, akaniuliza mimi, "Mama, mzee anasemaje?"

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Akasita kidogo, kisha akazunguka gari akaenda dirishani kwake, na wenzake wakamfuata. Lori la nyuma lilikuwa linapiga honi. Mume wangu akawaeleza taratibu, neno kwa neno, nao wakasimama wakamngoja amalize.